Kutengeneza Vitofali vya Kupanga Uani kwa Nailoni na Mchanga: Mwongozo wa Kikundi Kidogo

Kitofali kimoja cha kupanga uani, chenye urefu wa sentimita 20, upana wa sentimita 10 na unene wa sentimita 6, humeza takriban nusu kilo ya nailoni, ambayo ni sawa na mifuko myembamba mia moja hivi. Mita moja ya mraba huchukua vitofali 50, kwa hiyo eneo dogo la kuegesha pikipiki mbele ya duka linaweza kuzika kilo 25 za nailoni kwa kila mita, pamoja na kilo 75 hivi za mchanga, bila saruji na bila tone la maji. Hesabu hiyo ndiyo iliyokifanya kikundi chetu kuanza kazi hii, na ndiyo inayofaa kumwongoza yeyote anayetaka kuianza, kwa sababu inaonesha mapema kwamba shughuli kubwa ni kukusanya na kuchambua, si kuyeyusha.

Wazo lenyewe si geni katika ukanda wetu. Jijini Nairobi, Nzambi Matee na kampuni yake ya Gjenge Makers walilipeleka hadi kiwango cha kiwanda, wakichanganya plastiki na mchanga kwa mashine na kuzigandamiza kwa shinikizo kubwa, na mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilimtunuku tuzo ya vijana mabingwa wa dunia. Huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walitumia plastiki ngumu, ya jamii ya madumu na ndoo, kuunda mbao za jahazi la Flipflopi, lililoshushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Mwongozo huu ni wa walio chini ya hapo: kikundi cha watu watano au sita chenye uwanja wa wazi, pipa la chuma, kalibu mbili au tatu na mizani, bila umeme wowote.

Meza ya kuchambulia

Nitakaa hapa muda mrefu kuliko mahali pengine, kwa kuwa makosa yote makubwa niliyowahi kuyaona katika kazi hii yalianzia hapa, hata yale yaliyojitokeza kwenye moto.

Plastiki si kitu kimoja. Kila jamii ina joto lake la kuyeyuka, na zikichanganywa ovyo moja huungua wakati nyingine bado haijalainika. Nailoni laini, ile ambayo chini ya chombo au pembeni mwa kifungashio huandikwa namba 4 ndani ya pembetatu ya mishale, huyeyuka kwenye nyuzi 110 za Selsiasi au karibu na hapo. Plastiki ya madumu na ndoo nyingi, namba 2, huhitaji nyuzi 130 hivi. Ile ya namba 5, inayofumiwa viroba vya unga na kutengenezewa vifuniko vya chupa, huhitaji zaidi ya 160. Chupa za maji na soda, namba 1, haziyeyuki hadi joto lifike karibu nyuzi 250, na kwa pipa la kuni hilo ni joto ambalo nailoni itakuwa imeshaanza kuharibika. Kwa hiyo chupa zisiingie kabisa katika pipa hili. Zifungwe kwenye magunia ziuzwe kwa wanunuzi wa chupa. Fedha yake itanunua kuni na glavu. Madumu nayo yana bei nzuri kwa wanunuzi wa plastiki ngumu, na sioni busara ya kuyayeyusha ilhali mtu mwingine atayalipia.

Tangu Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, baadhi ya watu huuliza nailoni itatoka wapi. Jibu liko nyuma ya duka lolote la jumla. Nailoni ngumu kiasi inayofunga chupa kumi na mbili za maji kuwa katoni moja ni malighafi bora kuliko mfuko wa rambo ulivyokuwa: ni safi, ni nzito, na hutupwa kwa wingi mahali pamoja. Mwenye duka hufurahi ikiondolewa. Vifuko vya maji ya kandoro vinafaa vikikaushwa. Nailoni nyeusi inayotandikwa chini ya msingi wa nyumba inafaa pia, ila ioshwe, maana udongo ulioshikana nayo huwa mwingi kuliko inavyodhaniwa.

Palipo na shaka, vidole na beseni la maji vinatosha. Vuta kipande cha nailoni kati ya vidole gumba viwili: nailoni inayotakiwa hunyumbuka polepole na kuacha alama nyeupe kabla ya kukatika, na haipigi kelele. Pakiti za biskuti hupiga kelele zikikunjwa na huchanika ghafla. Hizo ni za jamii ya namba 5, na kiasi kidogo chake hakiharibu kazi, lakini zile zenye ngozi ya fedha kwa ndani ziwekwe kando kwa sababu ule utando hauyeyuki. Kisha chukua beseni la maji, tia matone mawili ya sabuni ya maji ili viputo visishikilie plastiki, zamisha vipande vidogo kwa mkono na uviachie. Vya namba 2, 4 na 5 vitapanda juu. Vinavyozama, iwe ni chupa au kitu kingine, havina nafasi kwenye pipa.

Kati ya vinavyozama yumo adui mkuu wa kazi hii, namba 3, plastiki inayotengenezewa mabomba ya maji, ngozi ya nyaya za umeme, vitambaa vya meza vya plastiki, mapazia ya bafuni na makoti ya mvua. Ikipashwa moto hutoa gesi ya asidi inayochoma macho na mapafu, na ikiungua inaweza kutoa sumu zinazokaa mwilini miaka mingi. Katika mwezi wetu wa pili kipande cha kitambaa cha meza, kisichozidi kiganja, kilipita kikiwa kimekunjwa ndani ya nailoni ya katoni. Mwenzetu aliyekuwa akikoroga aliangusha mti na kukimbia huku machozi yakimtoka, na pipa zima, kilo saba za nailoni iliyochambuliwa kwa siku mbili, lilimwagwa. Tangu siku hiyo hakuna nailoni iliyokunjwa inayovuka meza. Kila moja hukunjuliwa na kuinuliwa kwenye mwanga.

Kuosha ni rahisi: maji ya sabuni, suuza moja, kamba ya kuanikia. Kisichosameheka ni kuingiza nailoni yenye unyevu motoni.

Mchanga

Mchanga wa mto, uliochekechwa kwa wavu wa mbu au chekecheo lenye matundu madogo, ndio unaofaa. Mchanga wa baharini una chumvi na vipande vya makombe, na kuuchota ufukweni ni kula ukuta unaotulinda na mawimbi. Punje zikiwa za ukubwa mbalimbali ni bora kuliko zikiwa sawasawa, kwa sababu ndogo hujaza mianya iliyo kati ya kubwa na nailoni inayohitajika hupungua.

Mianya hiyo inaweza kupimwa kwa kopo, na ninapendekeza kila kikundi kifanye jaribio hili kabla ya kuamini uwiano wowote, ukiwemo wangu. Jaza kopo la lita moja mchanga mkavu, uligonge chini mara kadhaa hadi mchanga uache kushuka, kisha mimina maji polepole kutoka kwenye chombo chenye vipimo hadi yaonekane usawa wa juu wa mchanga. Maji yaliyoingia ndiyo ukubwa wa mianya. Kwa mchanga wa kawaida huwa kati ya theluthi na mbili ya tano ya lita. Nailoni iliyoyeyuka haina budi kujaza nafasi hiyo yote na kubaki kidogo ili ipake kila punje. Ikipungua, kitofali humeguka kingo kama mkate mkavu, na ikizidi sana, hulainika juani. Kwa uzito, kilo moja ya nailoni kwa kilo tatu za mchanga ni mahali pazuri pa kuanzia. Mchanga ukihitaji maji mengi zaidi katika kopo, ongeza nailoni kidogo. Ukihitaji machache, punguza.

Kisha mchanga ukaushwe, na hapa sitaki kueleweka vibaya. Mchanga unaoonekana mkavu baada ya kuanikwa asubuhi moja bado una maji. Maji hayo yakigusana na nailoni yenye joto la nyuzi 180 hugeuka mvuke papo hapo na kurusha matone yanayonata kwenye ngozi. Utandaze juu ya bati lililo juu ya moto mdogo, uugeuze kwa koleo hadi uache kutoa mvuke, na uutumie ungali na joto. Mchanga wa moto una faida nyingine: haugandishi nailoni ghafla unapomiminwa, hivyo kukoroga kunakuwa kwepesi na kuni zinapungua.

Pipa, moto na mavazi

Pipa la lita 200 lililokatwa kwa urefu na kuwekwa miguu ya vyuma ndilo sufuria letu. Kabla ya kumpelekea fundi wa kuchomelea, hakikisha mnajua lilibeba nini. Pipa lililokuwa na petroli, tina au rangi linaweza kulipuka linapokatwa kwa moto, hata likiwa tupu kwa miezi, kwa sababu mvuke uliobaki ndani unatosha. Nunua lililobeba mafuta ya kula, na hata hilo lioshwe kwa maji ya moto na sabuni.

Wekeni pipa uwanjani, mbali na nyumba na watoto, na wakorogaji wasimame upande unakotoka upepo. Nguo ziwe za pamba, zenye mikono mirefu, kwa sababu nguo ya nailoni huyeyuka mwilini. Viatu viwe vya ngozi na suruali ishuke nje ya kiatu. Gambuti hupendwa na wengi, lakini tone la plastiki likiingia ndani ya gambuti halitoki. Glavu ziwe za ngozi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa plastiki, hivyo anayekoroga apate ile yenye vichujio vya mkaa, nayo ndiyo gharama ambayo vikundi vingi huiruka na ambayo mimi ningeiweka mbele ya kununua kalibu ya pili. Ndoo mbili za mchanga mkavu na kifuniko cha bati kinachoenea pipa viwe karibu. Nailoni ikishika moto, funika, au mwagia mchanga. Maji yasitumike kamwe, kwani yatachemka chini ya plastiki na kuutawanya moto. Plastiki ya moto ikimgusa mtu, sehemu hiyo iwekwe chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, plastiki iliyoganda isibanduliwe, naye apelekwe kituo cha afya.

Moto wa mkaa hutulia kuliko wa kuni. Anzeni kwa kilo mbili za nailoni, na zikishalainika ongezeni kidogo kidogo hadi zifike saba, huku mkikoroga kwa fimbo ya chuma. Nailoni hupungua ukubwa kwa namna inayowashangaza wageni: gunia zima hugeuka uji wa kina cha vidole viwili. Lengo ni joto la kati ya nyuzi 160 na 200, nacho kipimajoto cha miale, kile cha umbo la bastola, ni msaada mkubwa. Asiye nacho asome moshi. Moshi mwepesi, usiozidi ule wa sufuria ya mafuta yaliyopata moto, unavumilika. Ukianza kuwa mzito, wa manjano au mweusi, nailoni inaungua, na makaa yavutwe kutoka chini ya pipa mara moja. Mtu anayesema kwamba moshi mwingi ni dalili ya kazi kuiva amejifunza kwa mwalimu mbaya.

Uji ukiwa laini, usio na madonge, mwageni mchanga wa moto kwa sehemu tatu au nne, mkikoroga vizuri kati ya moja na nyingine. Kwa kilo saba za nailoni mtahitaji kilo 20 au 21 za mchanga, na mchanganyiko huo utatoa vitofali 13 hivi. Kazi ya mkono ni nzito, afadhali watu wawili wapokezane. Mtajua umeiva kama mpishi anavyoujua ugali: huanza kuachia kuta za pipa, hugeuka pamoja na mwiko, na ukiukata kwa mwiko wa fundi hamwoni punje ya mchanga iliyobaki nyeupe.

Kalibu

Kalibu itengenezwe kwa bati nene la milimita 4 au zaidi, na mdomo wake uwe mpana kuliko kitako kwa milimita mbili au tatu, la sivyo kitofali hakitatoka bila nyundo. Ipakwe oili chafu kidogo sana kwa kitambaa. Jazeni haraka, pembe kwanza, kisha katikati, na shindilieni kwa kipande cha chuma chenye mpini kinachoenea mdomo wa kalibu. Plastiki husinyaa inapopoa, kwa hiyo kitofali kisichoshindiliwa hubonyea katikati na kubaki na mapovu ndani. Ongezeni kidogo, shindilieni tena, wekeni uzito juu.

Subirini hadi kingo zijitenge na chuma, ambayo kwa unene wa sentimita 6 inaweza kuchukua robo saa au zaidi, ndipo mgeuze kalibu juu ya sakafu iliyonyooka. Wenye haraka hutumbukiza kalibu kwenye maji. Sisi tulifanya hivyo wiki nzima na tukapata vitofali vyenye nyufa nyembamba kama nywele, kwa kuwa nje kulikwishaganda na kusinyaa wakati ndani bado ni uji. Kivuli na subira ndiyo njia.

Kupima kabla ya kuuza

Kitofali cha kwanza katika kila pipa kisiuzwe. Kiacheni usiku kucha kipoe, kisha kipimwe kwenye mizani. Kikiwa chepesi kuliko wenzake kwa zaidi ya gramu mia moja, kina mapovu. Kiangusheni kutoka usawa wa kiuno kwenye zege, kwa pembe. Kinachomeguka kona kimepungukiwa nailoni au hakikukorogwa. Kilichosalimika kizamishwe majini kwa saa 24 na kupimwa tena: kitofali kizuri huongezeka uzito kidogo mno, na hilo ndilo linalokifanya kiwashinde wenzake wa saruji dhaifu kwenye maeneo yenye matope. Mwisho, kiwekeni juani saa saba mchana na msimamishe juu yake mguu wa meza yenye mzigo. Ukiacha shimo, punguzeni nailoni.

Vipimo hivi ni vya uwanjani, havichukui nafasi ya maabara. Anayetaka kuuzia halmashauri au mkandarasi atahitaji vipimo vya Shirika la Viwango Tanzania, na kabla ya kuwasha pipa la kibiashara ni vyema kuonana na ofisa mazingira wa halmashauri na kuuliza kibali kinachotakiwa kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, ni mlango mwingine wa kubisha kwa anayetafuta mashine au mafunzo. Tulichelewa kufanya haya yote, na zabuni yetu ya kwanza, ya njia za waenda kwa miguu katika taasisi moja, ilitupita kwa sababu ya karatasi tusizokuwa nazo, wala si kwa sababu ya vitofali.

Vinakofaa na visikofaa

Mteja aambiwe ukweli. Vitofali hivi ni vya njia za miguu, uani, mbele ya duka, pembeni mwa bomba la maji, na maegesho ya pikipiki. Visitumike kujengea kuta wala sakafu za ndani ya nyumba, hasa jikoni, kwa kuwa plastiki inawaka na moshi wake ndani ya chumba ni hatari kuliko moto wenyewe. Visiwekwe karibu na jalala linalochomwa wala chini ya jiko la mama lishe. Jua huichosha plastiki miaka inavyopita na uso wa kitofali huweza kuachia chembechembe, ndiyo maana sikubali kuviweka ndani ya mfereji wa maji unaoelekea mtoni, ingawa wateja huomba. Vikichakaa vivunjwevunjwe na kurudishwa kwenye pipa. Nailoni yake bado inayeyuka.

Uwanja wa kuvipanga uchimbwe sentimita 10, ushindiliwe, utandazwe mchanga wa sentimita 5 uliosawazishwa kwa mti ulionyooka, na upewe mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita ili maji yasituame. Wakati wa kushindilia vitofali vitazama kidogo na kubaki usawa wa ardhi. Tofauti na vile vya saruji, visibanane. Plastiki hutanuka kwa joto la mchana, na uwanja uliopangwa kwa kubana asubuhi ya mwezi Juni utainuka katikati kama mgongo wa samaki ifikapo Januari. Acheni milimita tatu kati ya kitofali na kitofali, unene wa kama sarafu mbili, mzibe nafasi hizo kwa mchanga mwembamba uliokauka, mfagie, na mrudie kuzijaza baada ya mvua ya kwanza.